Kodi ya Usingizi

Mwayo ulimkuta Sikudhani katikati ya njia, jua li utosini, kikapu kichwani. Alisimama. Haukuwa mwayo wa kuibia. Ulianzia tumboni, ukampanua taya, ukamtoa machozi, ukaenda zake. Akabaki kajishika shavu, haamini. Tangu lini hajapiga mwayo? Mwenyewe hakumbuki, na mimi ninayesimulia sitajitia kukumbuka, maana katika mji ule siku hazikuwa na adabu. Ijumaa ilikuja ikapenda ikakaa, Jumatano ilisusa isije kabisa, na jua lilisimama utosini mpaka lenyewe lichoke. Ninachojua ni kimoja: mtu aliyehamwa na usingizi hapigi miayo. Mwayo ni usingizi unapiga hodi, na mlangoni kwa Sikudhani hodi ilikuwa haijasikika zamani.

"Akili zimeniruka," alijiambia. "Naenda kumwibia mwanangu wa kumzaa, halafu napiga miayo kama mtu aliyeshiba."

Akaendelea na safari. Ndani ya kikapu, chini ya majani ya mgomba, mlikuwa na figa la udongo, jipya, alilolifinyanga na kulichoma mwenyewe, kisha akalipaka masizi ili lionekane la zamani. Nia yake ilikuwa hii: afike kwa Mwatime, bintiye, asubiri moto uzimike, aling'oe lile figa la zamani jikoni kwa mtoto, aliweke hili mahali pake, arudi kwake. Ndani ya lile la zamani mlikuwa na dhahabu yake yote. Mwatime hakuwa na habari. Hakuna aliyekuwa na habari ila Sikudhani, na kuijua siri kama ile peke yako ni kazi kuliko kulima.

Lakini nimetangulia. Turudi nyuma kidogo, kama mji wenyewe ulivyopenda kurudi.

Mji ule ulikuwa na noti, kama miji yote. Kisha noti zikaanza kusahau. Mtu alilala na noti ya kununulia mbuzi, akaamka nayo haijui hata kununua kwato. Picha ya mkubwa iliyochorwa juu yake nayo ilikuwa inageuka. Leo inakutazama usoni, kesho inakutazama kwa pembe ya jicho, keshokutwa imekupa kisogo, unaona ukosi wa shati tu. Watu walipokwenda kulalamika, wakubwa walisema macho ya watu ndiyo mabovu, wakagawa dawa ya macho. Basi watu wakapaka dawa, wakaona vizuri zaidi kwamba noti zimewapa kisogo.

Hapo ndipo maneno ya Siku Ile yalipoanza. Siku Ile ni siku ambayo noti zote zingeamka nyeupe pe, hazina picha wala tarakimu, na mwenye kitu cha kushikika mkononi ndiye angekula. Wengine walisema inakuja. Wengine walisema ilikwisha kuja, ikapita, hatukuamka mapema. Kwa vyovyote watu walikimbilia kwa sonara, wakageuza noti zao kuwa dhahabu na fedha kabla hazijasahau zaidi, na yeyote aliyenunua alipotewa na jina lake. Majirani hawakumwita tena Fulani. Walimwita Mwenye Nayo. Ukipita sokoni ukaita "Mwenye Nayo!" nusu ya watu wanageuka, kila mmoja na mkono kifuani.

Sikudhani alikuwa mfinyanzi, mjane, mwenye mtoto mmoja mchanga. Vyungu vyake vilipendwa kwa sababu havikutoa ladha ya udongo kwenye mchuzi. Kila alichopata alikipeleka kwa sonara, na kwanza alinunua fedha, kwa kuwa ilikuwa nafuu. Fedha ilimchosha. Fedha ni kitu cha kudeka. Ukiiacha bila kuishika inanuna, inapiga weusi, itakubidi uchukue kitambaa na majivu uisugue mpaka ikucheke tena. Alikuwa akimsugua mtoto mgongo kwa mkono mmoja, fedha kwa mkono wa pili, na mara nyingi mkono wa fedha ndio uliofanya kazi vizuri. Akaona la, akairudisha, akabadilisha yote kwa dhahabu. Sonara akaiyeyusha ikawa bonge moja, mkuo wa kujaa ngumi. Akaukwaruza kwenye jiwe jeusi, ukaacha mstari wa njano. Akaudondoshea mstari ule tindikali, mstari usitikisike.

"Hii haitakusahau, bibi," sonara alisema.

"Na mimi je, nikitaka kuisahau?"

Sonara alicheka kwa huruma, akafunga mizani yake. "Mzigo mzuri, nenda nao salama."

Sikudhani aliupeleka kwenye Nyumba ya Amana. Ilikuwa nyumba ya mawe isiyo na dirisha, na mlango wake wa chuma ulifunguliwa na Bwana Tawakali, mlinzi wa amana za watu wote, mzee aliyekuwa na mashavu ya mtoto wa kunyonya. Ngozi laini, macho meupe, hana hata kope moja iliyochoka. Alimkaribisha kwa heshima zote, akamwonyesha vijumba vya chuma ukutani, akamwambia achague.

"Kodi yake kiasi gani, bwana?" Sikudhani aliuliza.

"Hapa hatuchukui noti, bibi yangu. Noti zenu zinasahau. Tunachukua usingizi."

"Usingizi wangu?"

"Wa nani mwingine? Kitu chako, usingizi wako. Kila ukiinama kulala, unalala kidogo, uliobaki unakuja huku kulipia. Wala hutahisi."

Alihisi. Kwanza ulikwenda usingizi wa mchana, ule wa kusinzia umekaa na udongo mikononi. Kisha ukaenda usingizi wenye ndoto. Kisha akabaki na vipande, viraka vya usingizi visivyotosha hata kufunika miguu, huku Bwana Tawakali akizidi kunawiri, akilala usingizi wa mji mzima pale kwenye kiti chake, akiamka amependeza. Sikudhani alivumilia, mpaka alipokwenda kuikagua amana yake akamkuta mwanamke mwingine pale, amesimama mbele ya kijumba chake mwenyewe cha chuma, anakibembeleza. Anakiimbia wimbo wa kulazia watoto. Sikudhani alimwuliza jina. Yule mwanamke alifikiri kwa muda mrefu, akatazama ukutani kuona kama limeandikwa, kisha akasema, "Mimi nayo ninayo, dada. Jina litakuja." Basi Sikudhani akachukua mkuo wake palepale akaondoka nao. Mlangoni Bwana Tawakali alimkumbusha kwamba usingizi uliokwisha kulipwa haurudishwi.

Na sasa nyie mtasema, kaondoka, kapona. Nani kasema? Nyumbani aliufukia chini ya kitanda, akawa halali kwa kuwa yuko juu yake. Akauhamishia kwenye paa, akawa halali kwa kuwa uko juu yake. Akautia ndani ya chungu cha unga, kila akila ugali anatafuna polepole, anasikiliza. Kodi ile ile, ila sasa aliyejitoza alikuwa yeye mwenyewe, na Bwana Tawakali wa nyumba yake hakuwa na haya, alikuwa akidai hata usingizi wa mtoto. Mwatime akilia anatulizwa haraka, kwa kofi au kwa titi, ili mama asikilize kama kuna mguu wa mtu uani.

Mwisho alipata hila, na hila yenyewe aliipenda kuliko dhahabu. Mji ule mafiga yake ni ya udongo. Alichukua udongo wake mzuri wa bondeni, akauzungushia ule mkuo, akafinyanga figa, akalichoma pamoja na vyungu, akaliweka jikoni kwake na wenzake wawili. Moto wa kuni hauyeyushi dhahabu. Mwizi gani atang'oa figa lenye moto, chini ya chungu kinachochemka? Alicheka peke yake siku ile. Kisha akakaa kando ya jiko lake akilitazama figa, na hakuinuka.

Nitawaambieni alichokuwa akikiwaza pale, maana alikiwaza miaka, kama miaka ilikuwepo. Alikuwa akijiuliza nani anamlinda nani. Mtu ananunua kitu kisichooza ili kimvushe nyakati zitakapooza. Sawa. Lakini kitu kisichooza hakina haja na mtu. Hakina njaa, hakizeeki, hakijui kama kimekaa jikoni au kaburini. Mwenye haja ni huyu anayeoza. Basi yeye anayeoza anakaa macho kumlinda asiyeoza, na kila akikesha anaoza kidogo zaidi, na yule anayelindwa anang'aa vilevile. Itakuwaje Siku Ile ikifika? Dhahabu itatoka nzima ndani ya udongo, na aliyeitunza atakuwa kope mbili nyekundu na mkono uliozoea kukagua. Nani atakula? Alijua kwamba mawazo haya yana kasoro mahali, kwa kuwa watu wana njaa kweli na noti kweli zinasahau, na mwenye kitu si sawa na asiye na kitu. Alilitafuta lile kosa ndani ya fikra yake, akilisugua kama alivyosugua fedha, na hakuliona.

Basi akiwa anawaza hivyo, Mwatime alikua. Hilo ndilo lililomponza. Jumatatu alimwacha akitambaa, akageuka kutazama figa, akageuka tena, Alhamisi, uani kumejaa wanawake wanapiga vigelegele na Mwatime amekaa mkekani na hina mpaka viwikoni. Sikudhani alimwuliza jirani, "Anaolewa nani?" Jirani akamtazama kwa jicho la kumwonea huruma.

Na harusi za mji ule zina mila yake. Jiko la maharusi halinunuliwi. Figa moja hutoka jikoni kwa mama wa bibi harusi, moja kwa mama wa bwana harusi, la tatu maharusi hulifinyanga wenyewe, lipinde lisipinde. Somo wa bibi harusi, yaani mwanamke anayemfunda, ndiye achaguaye lile la mama. Hufungwa kanga machoni, akaingia jikoni, akapapasa mafiga matatu, akainua moja. Na mama mwenyewe hana ruhusa ya kugusa wala kutia neno. Figa likishakaa jikoni kwa binti halitoki mpaka binti naye aoze binti yake. Ukiling'oa kabla ya hapo umeing'oa ndoa, na hapana aliyewahi kuona ndoa iliyosimama baada ya hapo. Mila hii Sikudhani aliijua tangu tumboni. Mwenyewe alipoolewa lililetwa figa la mamake. Lakini mtu ambaye mtoto wake ni wa kunyonya hafikirii figa la harusi.

Somo alikuwa Bi Asumini, mwanamke wa mwili mkubwa na maneno mengi. Alifungwa kanga akaingia. Alipapasa la kwanza akaliacha. Akapapasa la pili akaliacha. La tatu alilikumbatia, akaliinua, akaguna.

"Enhe," Bi Asumini alisema huku kafumbwa macho, anatafuta mlango kwa mguu. "Figa gani hili? Mama mtu, umetia nini humu, machozi?"

Wanawake wakacheka. Sikudhani alipiga hatua moja mbele. Angesema nini? Angesema moja tu, "Rudisha hilo," na ndoa ya mwanawe ingevunjika kabla haijawashwa moto. Akalia. Akalia kwa sauti mpaka wenzake wakamshika mabega, wakamwambia usilie, binti haendi mbali, utamwona. Naye aliona aibu kubwa pale mabegani mwao, kwa sababu hakuwa akimlilia binti.

Baada ya hapo akakaa macho kwa namna mpya, macho ya mtu anayelinda kitu ambacho hakipo. Akafinyanga figa la kubadilishia. Akalipaka masizi. Akatia kikapuni.

Na sasa tumefika tena njiani, mwayo umekwisha mpita, na Sikudhani anabisha hodi kwa Mwatime.

"Hodi wenyewe."

"Karibu. Yuu, mama. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Nikupokee kikapu. Mbona kizito hivi, umetuletea nini?"

"Udongo tu," Sikudhani alisema, na hilo halikuwa uongo. "Kiache hapo mlangoni."

Nyumba ilikuwa ndogo, na jiko lilikuwa mbele ya macho, katikati. Chungu cha maharage kilikuwa juu ya moto, kifuniko kinacheza. Shaame, mkwewe, alikuwa shambani. Sikudhani alikaa kwenye kibao ukutani, akayatazama mafiga kwa mara ya kwanza tangu harusi. Alikuwa amefika akijua atalitambua lake. Kila chombo alichokifinyanga alikitia alama ya kidole gumba chini ya kiuno; hata gizani angelipapasa alijue. Lakini mafiga yale yalikuwa yamesiribwa upya. Yote matatu. Udongo na majivu, yamelainishwa kwa kiganja, na juu yake moshi umepita ukayafanya ndugu. Aliinama kidogo kutafuta gumba lake. Aliona vidole vingi, vyembamba, vya mtu mwingine.

"Nani kayasiriba?"

"Mimi, mama. Yalianza kupasuka, nikasema kabla hujaja ukaniona mvivu." Mwatime alicheka. "Nimekosea?"

"Hujakosea. Mkono wako mzuri."

"Si ulikuwa unafinyanga mbele yangu, mama? Nilikuwa nakutazama. Wewe hukuwa unanitazama, lakini mimi nilikuwa nakutazama."

Alisema bila kinyongo, akichochea kuni, kama anayetaja hali ya hewa ya zamani. Sikudhani alimtazama usoni. Aliona macho ya mwanawe: meupe, yametulia, ya mtu aliyelala akatosheka akaamka mwenyewe. Hakuwa na hata dalili ya kukesha. Amekaa na mkuo wa kujaa ngumi hatua moja kutoka kitandani kwake, na analala fofofo. Hapo mwayo wa pili ukaja.

"Mama, umechoka. Jinyooshe hapo mkekani. Maharage bado, haya ya huku magumu."

"Nitakaa tu. Nangoja moto uzime."

"Uzime wa nini?"

"Nasema nangoja chakula," Sikudhani alisema, na kichwa kilikuwa tayari kimegusa ukuta.

Usingizi ulikuja wote kwa pamoja, ule wa mchana, ule wenye ndoto, na ule mweusi wa chini usio na kitu. Sitaupima. Ndani yake aliona Nyumba ya Amana milango wazi, vijumba vitupu, na Bwana Tawakali kakaa kizingitini kachakaa, mashavu yamemlegea, anamwomba, bibi, nigaie hata wa kusinzia. Akampita. Akasikia sauti ndani ya udongo, sauti isiyo ya mwanamke wala mwanamume, sauti ya kitu kinachozungumza kwa kuwa kimeulizwa.

Sikukuomba unilinde.

Niliogopa kukupoteza.

Mimi sipotei. Nahamahama. Nilikuwa ndani ya mlima nikachimbwa, nilikuwa kidole cha mtu nikavuliwa, nilikuwa jino. Kila mmoja alisema mimi ni wake.

Basi wewe ni wa nani?

Uliza lingine.

Nilikuwa nakuweka kwa ajili ya nani?

Sauti ikanyamaza, kwa namna ya mtu anayekuachia ujibu mwenyewe, maana jawabu ulikwisha kuwa nalo. Kwa ajili ya nani. Kila chungu kilichouzwa, kila tambara la majivu, kila kukesha: alikuwa akisema, ni ya Mwatime, Siku Ile ikija Mwatime asilale njaa. Ya Mwatime. Na iko wapi? Iko kwa Mwatime. Imefika. Imefika zamani, imepokewa kwa vigelegele, imewekwa chini ya chungu, inafanya kazi, na aliyeituma yuko njiani na kikapu anakwenda kuirudisha. Ndani ya ndoto Sikudhani alijicheka mpaka akahisi mbavu. Mtu mmoja kwa mbali akamwita kwa jina, Sikudhani, si Mwenye Nayo, na yeye akaitika.

Alipoamka, mate yalikuwa yamemlowesha shavu na nyumba ilikuwa kimya. Chungu kilikuwa kimeipuliwa, kimewekwa kando. Moto umezimwa, majivu yametawanywa vizuri. Mafiga matatu yamekaa uchi.

"Mama umeamka?" Mwatime alisema kutoka nje. "Naenda kumwita Shaame tule. Sikawii. Usiondoke."

"Siendi popote."

Nyayo za Mwatime zikapungua. Sikudhani akawa peke yake na mafiga, na kikapu mlangoni, na ilikuwa sasa au basi. Alitambaa mpaka jikoni kwa magoti. Uzito ungemwambia. Hakuhitaji alama ya kidole. Akiyainua moja moja atajua, ni kazi ya kufumba na kufumbua. Alinyoosha mikono. Aliweka viganja juu ya la kwanza, likawa na joto. La pili, joto. La tatu lilikuwa limepinda kidogo, pengine ndilo walilofinyanga maharusi wenyewe, pengine silo. Nalo joto lile lile.

Chukua, alijiambia. Ukiliacha utakufa, atakuja mjukuu, atakuja mtu atalitupa shimoni, hatajua.

Nani hutupa figa la mama?

Akihama je?

Atahama nalo. Mila.

Na Siku Ile ikija, na wewe hupo, na yeye hajui?

Hilo lilikuwa swali la kweli. Alilisikiliza. Na wakati analisikiliza, kwa mara ya kwanza alilikuta lile kosa alilokuwa akilitafuta miaka yote ndani ya fikra yake. Alikuwa amedhani kuna mawili tu, kuiacha au kuilinda. Hakuwahi kufikiri kwamba jambo linaweza kusemwa, mchana, kwa mdomo, mtu ukiwa umeshiba na umelala vizuri. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo yeye Sikudhani. Mwatime ataambiwa. Atakapokuwa mtu mzima, atakapozaa, ataambiwa kwa upole, mama yako aliweka kitu humu, na kama kuna njaa kivunje na kama hakuna endelea kupika. Hana haja ya kukesha kwa ajili hiyo. Wala mimi sina, alijiambia.

Aliondoa mikono. Hakuinua hata moja. Hakujua ni lipi kati ya matatu, na kutojua kule kulimshuka kifuani kukaenea mpaka kwenye nyayo, akahisi mwili mzima unalegea kama kamba iliyofunguliwa. Akacheka kidogo, akalia kidogo, na safari hii alijua analilia nini.

Kisha akafanya mambo mawili. Alitoa lile figa la kubadilishia kikapuni, akatazama huku na huku, akaona mtungi wa maji wa Mwatime umeegemea ukuta, unayumba kwa sababu sakafu imebonyea. Akaliweka figa chini yake. Mtungi ukatulia. Halafu akarudi jikoni, akakusanya kuni, akapanga, akafukua kaa lililobaki chini ya majivu, akainama akaanza kupuliza.

Mwatime alimkuta hivyo, matako juu, uso umejaa majivu. Shaame alikuwa nyuma yake, akasita mlangoni kwa heshima ya mkwe.

"Mama, unafanya nini? Chakula kimeiva, moto nimekwisha kuuzima."

"Nimeuona umeuzima," Sikudhani alisema. Akapuliza tena, na moto ukashika. "Teleka chai, mwanangu. Leo nalala hapa."